Gunia Lenye Homa

Mwaka wa 1960, nikiwa na miaka kumi na sita, taabu iliingia nyumbani kwetu ikipitia kwenye pamba. Uhuru ulifika, watu wakacheza barabarani kutoka Uvira mpaka Luvungi, na Wazungu waliokuwa wakinunua pamba yetu wakapakia magari yao wakavuka mto Ruzizi. Baba akabaki na mavuno yote ndani ya nyumba. Pamba ilijaa chumba mpaka kwenye paa, sisi tukahamia jikoni. Mvua zilipoanza, paa likavuja. Siku moja baba aliingiza mkono katikati ya lundo, akautoa upesi, akautazama kana kwamba si wake. "Iko moto," akasema. Mama alidhani amechanganyikiwa. Tulipolifungua lile lundo, ndani lilikuwa jeusi na linatoa mvuke. Baba hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikaa tu mlangoni, akakaa, mpaka tukamzika.

Nawaanzia hapo, ninyi vijana wa Kilibula mnaofuga kuku nyuma ya nyumba, kisha mnanijia mkilia, "Koko, bibi yetu, kuku zinakufa, sijui ni nini." Mnaniletea kuku aliyekufa, mmemshika miguu. Mimi simtaki. Nileteeni kiganja cha chakula chake, halafu mnionyeshe mahali chakula hicho kinapolala. Mmesoma kunishinda. Mimi niliishia darasa la pili kwa masista, nikajua kuandika jina langu, Nabintu, na kuhesabu mayai. Haya mnayoyasoma nimeyasema kwa mdomo, binti ya mwanangu akayaandika, na nimemkataza kuyatia sukari.

Baada ya baba kufa nilikwenda kuomba kazi kwa Muzungu mmoja aliyekuwa na shamba kubwa la kuku kule bondeni, kando ya barabara ya Luvungi. Wenzake walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki, akisema kuku hawana pasipoti. Mayai yake yalikwenda Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Lakini aliyekuwa akiendesha mambo hasa alikuwa Muzee Kashindi, mwenye ufunguo wa depo, yaani ghala la chakula. Mtu mfupi, mwenye tumbaku ya kunusa kwenye ukucha, na tabia ya kusalimia magunia kabla ya kusalimia watu.

Siku ya kwanza sikupewa kuku. Kashindi alinitilia chakula kiganjani.

"Tafuna."

"Muzee, hii iko ya kuku."

"Na weye ni nani? Unataka kuku amezee kitu weye unaogopa?"

Nikatafuna. Wanawake wa kuokota mayai wakanicheka mpaka wakaketi. Nilitafuna kila asubuhi miaka ile yote, na leo bado natafuna, kwa meno niliyobakiwa nayo. Pumba ya mchele iliyozeeka huwa chungu nyuma ya ulimi. Mashudu ya karanga yaliyoharibika hukwaruza koo. Mahindi yaliyoingia kuvu yana harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa. Na ndagala, hawa dagaa wa ziwani, wajukuu wangu, ndagala ndio wenye hila kuliko wote. Ndagala mkavu kweli ukimvunja analia kama kijiti. Akipinda bila kulia, mrudisheni juani, msimsage. Na mkishamsaga, unga wake haukai, mafuta yake yanachacha. Sageni wa kutosha siku chache tu. Ninyi mnasaga gunia zima kwa sababu mashine iko karibu, halafu mnasema mmerogwa na jirani.

Kashindi alikuwa na neno lake, na kila mfanyakazi mpya alilazimika kulirudia mbele yake kama katekisimu: gunia halilali chini, haliegemei ukuta, halivai koti. Halilali chini, maana sementi inatoa jasho hata kama macho yako hayalioni. Chini yake zipite mbao, na chini ya mbao upite upepo. Haliegemei ukuta, maana ukuta wa bati unalia alfajiri, na panya anapenda kupita mahali ambapo mwili wake unagusa pande mbili. Halivai koti, maana gunia linapumua. Mkilifunika kwa nailoni mnalifunga pumzi. Wiki yangu ya kwanza nilipanga magunia vizuri, yamebanana ukutani kama waumini kwenye benchi, nikasimama kungoja sifa. Kashindi akapitisha mkono nyuma yake, ukakwama. "Mama," akaniambia, nami sikuwa mama wa mtu, "umejengea panya mutaa."

Kulikuwa na paka pia. Muzungu alimleta kwa ajili ya panya, paka akajifunza kula mayai. Kashindi alimtazama siku nyingi, kisha akasema, "Huyu paka iko ya serikali. Anakula, halindi." Enzi zile sentensi kama hiyo ilitaka uangalie kwanza nani yuko nyuma yako.

Na kulikuwa na chuma. Kipande cha ferabeto, chuma kile cha kujengea, kirefu kama mkono mpaka begani, kimesuguliwa hadi kikang'aa. Kila asubuhi Kashindi alikidumbukiza katikati ya gunia, akakiacha, akaenda kunusa tumbaku yake, akarudi, akakichomoa na kukiweka shavuni. Kikitoka baridi, gunia ni zima. Kikitoka na joto, gunia lina homa: unyevu umeingia, na chakula kimeanza kujipika chenyewe kutoka tumboni, wakati ngozi ya juu bado inaonekana nzuri. Nilipomwona akifanya hivyo mara ya kwanza nilikumbuka mkono wa baba, nikatoka nje. Hakuniuliza. Tangu siku hiyo alinipa mimi kazi ya kukichomoa.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijalizoea mpaka leo. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, nimekimbia vita na kurudi mara ambazo sitaki kuzihesabu. Lakini hili nikilikumbuka, mikono yangu bado inakuwa mitupu.

Mwaka wa 1964 uasi ulifika bondeni. Muzungu alipakia mke wake na cherehani kwenye gari, akampa Kashindi ufunguo, akasema atarudi. Alisahau miwani yake mezani. Wafanyakazi wengi walipanda milimani upande wa Bijombo, kwa jamaa zao wenye ng'ombe. Mimi sikuwa na jamaa huko. Kashindi alikuwa nao, hakwenda. Nilimuuliza kwa nini.

"Kuku hajui kama tuko na serikali ao hatuna," akanijibu. "Saa yake ya kula ni hii."

Waasi walipoingia walitukuta tunawalisha kuku. Komanda wao tulimfahamu. Zamani alikuwa konvoyeri wa kamio, yule anayefunga mizigo ya lori na kulala juu yake mpaka Bukavu. Alikuwa kijana, si mbaya wa sura, na aliongea polepole. Alisema kuku hawa sasa ni mali ya jeshi, mayai ni ya majeruhi wake waliolazwa kwenye darasa la shule, na sisi tuendelee na kazi. Tukaendelea.

Walikuwa na dawa. Mganga wao, mtu mzima mtaratibu aliyetoka kusikojulikana, alikuwa na chungu cha maji na majani. Kila mpiganaji alinyunyiziwa maji hayo ili risasi igeuke maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko mikali. Mpiganaji haruhusiwi kumgusa mwanamke, wala kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Mimi niliweka kikapu cha mayai chini, nikarudi nyuma, ndipo yeye akakiokota. Na mwiko mkubwa kuliko yote haukuwa wa dawa, ulikuwa wa watu: usiseme kwamba dawa haifanyi kazi. Kijana mmoja alisema hivyo barabarani, akicheka na wenzake. Walimchukua kuelekea mtoni. Hatukumwona tena.

Kwanza walichukua mbao za chini ya magunia, wakazipikia maharage. Kashindi aliwaomba, wakamwambia msitu ni wa wananchi wote, hata ukiwa umekatwa. Magunia yakalala juu ya sementi. Tulianza kuyageuza asubuhi na jioni, migongo ikituuma, na chuma kilitoka baridi, kwa jasho letu.

Kisha ikaja habari kwamba maadui wametuma watu kutia sumu kwenye vyakula vya wapiganaji. Iwe kweli, iwe uongo, iliwatisha. Mganga akaambiwa alinde depo. Kwa kuwa dawa haikai na mwanamke, sisi wanawake tukafukuzwa tusikanyage tena pale, na kijana wao mmoja akapewa kazi ya kulisha kuku. Kashindi alifungua mlango kwa ufunguo wake akaambiwa angoje nje.

Nilikuwa upande wa pili wa ua, naosha vyombo vya kunyweshea. Nilimwona akigeuka kunitazama. Uso wake ulikuwa wa majivu. Akaja akitembea kama mtu aliyebeba maji yasimwagike.

"Nabintu," akaniambia kwa sauti ndogo, "wanayaogesha."

"Wanaogesha nini?"

"Magunia."

Sikuelewa, halafu nikaelewa, na nikaketi juu ya ndoo. Walikuwa wamefungua kila gunia mdomo na kumimina maji ya dawa ndani, ili sumu ikiwekwa isiwe na nguvu. Chakula chenye unga wa ndagala. Katika joto la bonde la Ruzizi. Juu ya sementi.

"Uliwaambia?"

"Nilimwambia Komanda chakula hakitaki maji. Akanijibu, 'Muzee, hiyo si maji. Hiyo iko dawa.'" Akafungua mkono, akaufunga. "Utaendelea kusema nini hapo?"

Kwa siku kadhaa tuliwatazama kuku wakilishwa kutoka magunia yale. Mimi ninayejisifu leo sina la kujisifia katika siku hizo. Tulitazama, kila mtu akitazama vyake.

Asubuhi moja sikusikia kuku.

Mnajua banda la kuku wengi linavyopiga kelele alfajiri. Siku hiyo kulikuwa kimya, na kimya hicho kilinisimamisha njiani kama mtu aliyenishika nguo. Niliingia. Walikuwa wamelala kifudifudi, mabawa yametandazwa, na shingo zimenyooshwa juu ya vumbi kama kamba iliyotupwa. Niliwadhani wamekufa. Ndipo nikaona macho. Macho yalikuwa yanafumba na kufumbua. Walikuwa hai, wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuinua kichwa chake. Nilimwinua mmoja, shingo ikaning'inia mkononi mwangu laini kama utumbo, na jicho bado linanitazama. Nilimweka chini. Nilijipangusa mikono kwenye gauni, nikaipangusa tena, na sikujua naipangusa nini.

Leo najua, na ninyi mjue: ndagala aliyeoza kwenye unyevu na joto anazaa sumu inayokata shingo bila kisu. Kuku akianguka shingo, msimtupe jalalani. Mzikeni chini sana. Funza wa mzoga wakiliwa na kuku mzima, naye shingo inaanguka. Na chakula chote kilichobaki kimfuate kaburini. Msikipepete, msikianike, msimpe bata. Nimeona watu wakimpa bata.

Lakini siku ile nani angeuita ugonjwa. Shingo za kuku zimeanguka bila mkono wa mtu, katika nyumba iliyolindwa kwa dawa. Vijana wa Komanda walikuja, wakatazama, wakarudi nyuma wameshika shingo zao wenyewe. Jua lilipopanda kidogo, Kashindi alikuwa amepiga magoti mbele ya depo, mikono imefungwa nyuma, na sisi wote tumeitwa kutazama.

"Muzee," Komanda akasema, "ufunguo iko na nani?"

"Iko na minye."

"Muntu mwingine eko nayo?"

"Hapana."

"Leo ni shingo za kuku. Kesho ni za vijana yangu. Sema ni nani alikutuma. Kama hausemi, jua ikifika juu ya paa, tunamaliza."

Kashindi alijua kilichoua kuku, kama nilivyojua mimi. Lakini kukitaja ni kutaja maji, na kutaja maji ni kutaja dawa, na njia ya mtoni aliijua. Alikuwa akitazama ardhi mbele ya magoti yake. Niliona tumbaku bado iko kwenye ukucha wake, hakuwahi kuinusa.

Nikasikia sauti yangu. Sikuwa nimeipanga.

"Komanda, hizi kuku hazikurogwa. Zimekula chakula kigonjwa."

"Nani anasema?"

"Minye. Nabintu."

"Rudia nyuma, mama. Unajua sheria."

Nikarudi nyuma. "Nimerudia. Lakini masikio yako hayana mwiko."

Mmoja wa vijana alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Chakula kinaugua?" Komanda akauliza.

"Kinaugua. Kinashikwa homa kama muntu, na homa inapimwa. Kile chuma kwenye mulango ndicho kinapima."

Nilipiga hatua kukichukua. Bunduki mbili zikainuka. Nikakumbuka: nikikigusa, hakuna mwanaume pale atakayekipokea. Kwa hiyo nikaficha mikono yangu nyuma, kama Kashindi mwenye kamba, nikamwambia Komanda akichukue mwenyewe.

"Weye ndiye utapima. Ingiza mpaka tumboni mwa gunia. Halafu ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kunitukana."

Akanitazama. Alikichukua chuma, akakisukuma ndani ya gunia lililokuwa karibu na mlango, akasimama kando, mikono kiunoni. Ua zima likangoja. Mganga alikuwa kivulini na chungu chake, kijani cha majani kinaonekana kwenye mdomo wa chungu.

"Minye nakufahamu," Komanda akasema. "Weye ulikuwa unafunga mayai kwenye makasha."

"Na weye ulikuwa unalala juu yake."

"Mayai ile ilivunjika kwa sababu ya dereva."

"Dereva alikuwa mbele. Matako yaliyokuwa juu ya kasha yalikuwa ya nani?"

Hata Kashindi alitikisika mabega. Sijui kama alikuwa anacheka. Kisha Komanda akageuka, akakishika chuma, akakichomoa, na akakiachia. Kililia kwenye sementi, kikabiringika mpaka mlangoni. Alibaki ameinua kiganja, anakitazama kana kwamba si chake. Wajukuu wangu, nilimwona baba yangu amesimama pale.

"Ni nani alitia moto humu?" akauliza. Sauti ya ukomanda ilikuwa imemtoka.

"Hakuna. Ni maji."

"Maji gani?"

Nilikuwa nimejiingiza mtegoni mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, mvua ya mwisho hata majani yalikuwa yameisahau. Hakuna maji mengine yaliyokuwa yameingia pale, na kila mtu uani alijua hivyo. Kashindi alifumba macho. Mganga aliweka mkono juu ya mdomo wa chungu, kama anayemfunika mtoto masikio.

"Jasho la sementi," nikasema. "Magunia yalikuwa yanalala juu ya mbao. Mbao mulipikia maharage. Gunia likilala juu ya sementi, linakunywa jasho. Muulize mutu yeyote aliyefanya kazi hapa."

Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli wenye mguu mmoja, nami niliusimamisha kwenye mguu huo nikauombea usianguke.

Komanda hakuuliza mtu. Alirudi kwenye gunia, akalifungua mdomo zaidi, akachungulia. Jasho la sementi hupanda kutoka chini. Gunia lile lilikuwa limelowa juu. Unga ulikuwa umeshikamana kama udongo wa mfinyanzi, na katikati ya udongo huo lilikuwepo jani dogo la kijani. Alilichomoa kwa vidole viwili. Sote tuliliona. Tulilitazama jani, tukatazama chungu, halafu kila mmoja akatafuta mahali pengine pa kutazama. Sijapata tena kuona watu wengi hivyo wakistuka pamoja bila hata mmoja kufungua mdomo.

Akafunga ngumi, jani likiwa ndani.

"Jasho la sementi," akasema. Kisha akamgeukia mganga, taratibu, kwa heshima. "Baba, umesikia? Sementi inatoka jasho."

"Nimesikia," mganga akajibu.

"Basi kuanzia leo, maji isiingie tena humu ndani. Ya mvua, ya ziwa, ya sementi. Maji ya namna yoyote." Akapita karibu na Kashindi bila kumtazama. "Mufungue huyu muzee. Na mumutafutie mbao."

Mbao hazikuwepo, zilikuwa zimeliwa na maharage. Wakang'oa milango ya nyumba ya Muzungu wakaileta. Magunia machache tuliyoyapata baadaye kutoka Luvungi yalilala juu ya milango, yenye vitasa na vyote, na Kashindi akisema hajawahi kuona chakula cha kuku kikiingia kwa mlango wa mbele. Lakini hilo alilisema siku nyingine. Siku ile, walipomfungua, alikwenda moja kwa moja kuokota chuma, akakipangusa kwa shati lake. Akaketi penye ukuta, chuma kikawa kinaugonga, kinaugonga, tukakisikia mpaka tulipomaliza kuzika kuku.

Na hapa ndipo penye kile ambacho sijakizoea. Si kuku. Asubuhi iliyofuata wapiganaji walikuwa wanatumwa barabarani, mapigano yalikuwa yamekaribia. Walipanga mstari mbele ya mganga. Wote walikuwa uani jana yake, wote waliliona jani. Nilingoja mtu mmoja atoke kwenye mstari. Hakutoka. Komanda alikuwa wa mwisho. Alisimama, akafungua kiganja chake, akakitazama, akakikunja. Halafu akainamisha kichwa, akanyunyiziwa.

Mganga alipomaliza alikuja mpaka karibu na tulipokuwa, mimi na Kashindi. Akasimama mbali nami, kama sheria inavyotaka, na kumuuliza Kashindi polepole, "Muzee. Ile kitu ya jana. Ilikuwa moto kweli?"

"Kweli," Kashindi akasema.

Mganga akatazama barabara mahali ambapo vumbi la vijana wake lilikuwa bado juu. Asubuhi iliyofuata tuliambiwa chungu kimekutwa kimepasuliwa, yeye hayupo. Komanda naye hakurudi, wala wengi wa mstari ule.

Kashindi aliishi. Alizeeka akawa mbishi, akafa kitandani mwake, akiwa na meno. Kabla ya hapo alinipa chuma, akisema nisikitumie kupikia. Nikaanza na kuku jike wawili na jogoo mmoja wa mkopo aliyekuwa kiwete. Sikurithi kwa mtu, sikuolewa kwa tajiri. Mliosikia kwamba nilisaidiwa na masista, mlisikia vibaya.

Mnaniuliza kwa nini nawafokea mnaponionyesha chakula kimefunikwa nailoni, kimeegemea ukuta, kimelala chini. Mnaona bibi kizee anagombana na gunia. Mimi naona muzee amepiga magoti. Chakula kilichoharibika hakisemi kwamba kimeharibika, na watu wakikiona wanatafuta wa kumfunga mikono. Kwa hiyo pimeni mapema, wakati bado ni jambo la kuku tu.

Leo nina nyumba ya matofali hapa Kilibula. Nina kiwanja kingine karibu na mto, nimekipanda mihogo. Nina mabanda mawili ya kuku wa mayai. Nina depo ya bati yenye madirisha ya waya pande mbili, mbao chini, na nafasi ya mtu kupita kati ya gunia na ukuta. Nina mapipa ya chuma yenye vifuniko, ya kuwekea unga wa ndagala. Nina baiskeli, redio, na kaburi nililomjengea Kashindi kwa sementi. Nina mlango mmoja wenye kitasa, ambao magunia bado yanalala juu yake. Na nina chuma. Asubuhi hii nilikichomoa, nikakiweka shavuni. Kilikuwa baridi.